Kongamano la Watu 120 Kigoma: Hesabu Zinazotangulia Barua ya Mwaliko

(Hotuba kwa wenye hoteli, boti na magari, wapishi wa shughuli na waratibu wa mikutano, Kigoma Mjini)

Ndugu wenye hoteli na nyumba za wageni, wenye boti na kosta, mama zetu wapishi wa shughuli, washereheshaji, waongoza watalii, vijana wa sauti na mitambo: itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kuacha kazi zenu na kufika.

Mikutano mingi inayoharibika mjini kwetu huwa imeshaharibika wiki sita kabla ya kufunguliwa. Inaharibika siku ile barua za mwaliko zinapotoka na hakuna aliyekaa na kalamu akahesabu viti vya ndege, vitanda, na nafasi za boti. Watu hukimbilia kutafuta ukumbi kwanza. Ukumbi ni jambo la nne au la tano. Mzigo hupimwa kwa mlango utakaopitia, na milango ya Kigoma ni mitatu: namna ya kufika, mahali pa kulala, na Ziwa Tanganyika. Ukishajua ni watu wangapi wanapita kwenye mlango ulio mwembamba kuliko yote, hapo ndipo unajua ukubwa wa mkutano wako.

Arusha wana kituo cha mikutano cha AICC tangu 1978, na Dar es Salaam wana kile cha Julius Nyerere tangu 2013. Mkutano wa watu 1,500 ni wao, nasi tusiupoteze usingizi. Soko letu ni watu 60 hadi 150, na ni soko zuri. Ziwa hili lina nchi nne: Tanzania, Congo, Burundi na Zambia. Mkataba wa kulisimamia ulitiwa saini mwaka 2003, na mamlaka yake ina makao Bujumbura, ng'ambo tu ya mpaka. Watafiti wa sokwe, wataalamu wa uvuvi, mashirika ya misaada yanayofanya kazi Kasulu na Kibondo, wafanyabiashara wa Kalemie na Uvira, wote hao wana sababu ya kukutana hapa kuliko mahali pengine. Kwa hiyo leo nitazungumza nikiwa na mkutano mmoja akilini: watu 120, siku tatu, 70 kati yao wakitoka nje ya mkoa.

Tuanze na kufika. Ndege kubwa ya mapangaboi inayotumika sana kwenye safari za mikoani ina viti 76. Hata kama ratiba inaonyesha safari siku hiyo, hutapata viti 70 vya wageni wako. Wafanyabiashara, wagonjwa na watumishi wa serikali nao wanasafiri. Gawa wageni wako katika siku mbili za kufika na siku mbili za kuondoka, na uiandike hivyo kwenye mwaliko. Mwaliko unaosema "mkutano ni tarehe 10 hadi 12" humfanya kila mtu ajaribu kuingia tarehe 9. Andika: "Washiriki wa kundi A wafike tarehe 8, kundi B tarehe 9." Anayefika tarehe 8 ana usiku mmoja zaidi wa kulipiwa, na fungu hilo liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Reli ya kisasa inafanya kazi Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024, lakini kipande cha kutoka Tabora kuja kwetu bado kinajengwa. Reli ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni nzuri kwa mtalii mwenye muda na kwa mizigo. Usimpandishe mtoa mada wa siku ya kwanza. Mabango, vifaa vya ukalimani na maboksi ya vitabu navyo visisubiri ndege, maana mzigo wa abiria mara nyingi huishia kilo 23. Vitangulie kwa basi au lori siku saba kabla, na mtu wenu avipokee, avifungue, avihesabu.

Mjini, kosta yenye viti 28 huchukua watu 18 wenye mabegi. Wenye magari wanalijua hili, lakini mratibu anayepanga akiwa Dar hajui, na ndiye atakayewaagiza kosta mbili kwa watu 50. Mwambieni mapema.

Wageni wa ng'ambo wana mambo yao. Wanaotoka Burundi wengi hupitia mpaka wa Manyovu. Wa Congo hupitia bandarini. Peleka orodha ya majina, uraia na namba za hati za kusafiria kwa Uhamiaji wiki mbili kabla, wa Manyovu na wa bandari, kila kituo na orodha yake. Kila anayetoka nchi yenye homa ya manjano aje na cheti cha chanjo, na aambiwe hivyo kwenye barua ya mwaliko, kwa herufi zinazoonekana. Mtu akikwama mpakani siku ya ufunguzi, simu zinazopigwa ni zako, na hakuna unachoweza kufanya kwa haraka.

Halafu kuna saa. Burundi, Zambia na Congo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa moja. Tukiandika saa 3:00 asubuhi, kwa saa ya Bujumbura ni saa 2:00, na asiyezoea kuhesabu kama sisi atasoma tatu ya usiku wa manane. Andika hivi: "Saa 3:00 asubuhi (09:00) kwa saa za Kigoma." Ni mstari mmoja, na unaokoa nusu saa ya kusubiriana.

Na kwa kuwa tuko kwenye saa, niongeze jambo ambalo waratibu wa Dar hulikosea karibu kila mara. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini tunatumia saa ileile. Jua letu linachomoza kati ya saa 12:35 na saa 1:15 asubuhi kutegemea mwezi, na linafika utosini karibu na saa 7:00 mchana. Ratiba iliyonakiliwa kutoka Dar itakuambia boti iondoke saa 12:00 asubuhi. Mwezi wa saba hiyo ni giza totoro, wazee wa watu wanakanyaga mawe ufukweni kwa tochi za simu. Vilevile itaweka chakula cha mchana saa 6:30 na kipindi kianze saa 7:30, na hapo umekata sala ya Adhuhuri katikati. Mji huu una Waislamu wengi, Ujiji hasa. Weka mapumziko ya mchana saa 7:00 hadi saa 8:15, na Ijumaa hadi saa 8:30. Tazama pia Ramadhani iko lini kabla ya kuchagua tarehe. Kwa upande wa faida, hafla ya jioni ziwani ikianza saa 12:30 wageni wanaona jua likizama nyuma ya milima ya Congo, na hakuna mapambo ya kukodi yanayofikia hilo.

Sasa vitanda. Hapa ninawaomba wenye hoteli mnivumilie. Mratibu akiuliza una vyumba vingapi, mpe vyumba vinavyolalika: maji yanatoka bafuni, kitasa kinafunga, chandarua hakina matundu, kiyoyozi au feni inafanya kazi. Chumba kinachosubiri fundi si chumba. Kisha makubaliano ya vyumba vinavyoshikiliwa kwa ajili ya mkutano yaandikwe kwa tarehe. Siku 30 kabla, mratibu anathibitisha idadi na kulipa malipo ya awali. Siku 14 kabla anaruhusiwa kupunguza kidogo, tuseme asilimia 10. Siku 7 kabla, kilichobaki kwa jina lake analipia, awepo asiwepo. Bila tarehe hizi, mambo huharibika kwa njia mbili: hoteli inashikilia vyumba 40 hadi usiku wa mwisho na kubaki navyo mikononi, au inaviuza kwa kikundi kingine kimyakimya na wageni wa kongamano wanafika mapokezi na mabegi yao wanaambiwa hakuna nafasi. Hii ya pili ndiyo inayoua jina la mji. Mgeni hasemi hoteli fulani, anasema "Kigoma walitufanyia hivi."

Wageni 70 watagawanyika katika hoteli tatu au nne. Zikubaliane bei ya daraja moja, ili profesa wa chumba kimoja asimkute mwenzake analipa nusu. Gari la kuwakusanya lianze na hoteli ya mbali na limalizie ya karibu, dakika 15 kabla ya usajili kufunguliwa.

Ukumbi sitauzungumzia kwa muda mrefu, ila hesabu yake muikariri. Mtu akikuuliza ukumbi wako unachukua wangapi, usitaje namba moja. Viti vitupu bila meza, mita ya mraba 1 kwa mtu. Viti na meza kama darasani, 1.8 hadi 2. Meza za duara za chakula, 1.5 hadi 1.8. Mpangilio wa herufi U, si chini ya 3. Ukumbi wa mita 12 kwa 20 una mita za mraba 240. Ondoa jukwaa, kibanda cha wakalimani, meza za usajili na njia ya kutokea wakati wa dharura, unabaki na kama 190. Kwa mpangilio wa darasa hao ni watu 95 hadi 105. Mkutano wetu wa 120 hauingii hapo, ingawa profoma, yaani ankara ya makadirio, imeandika "watu 240". Skrini nayo: anayekaa nyuma kabisa asiwe mbali kupita mara sita ya kimo cha skrini. Skrini ya kimo cha mita 1.5 inasomeka hadi mita 9. Kwa ukumbi wa mita 20 weka ya pili katikati, na ukingo wake wa chini uwe mita 1.2 kutoka sakafuni, la sivyo watu watatazama visogo vya wenzao.

Umeme unahitaji maneno zaidi. Jenereta ya kVA 30 inatoa takriban kilowati 24. Viyoyozi sita vikubwa vinakula kama 13. Ongeza spika, projekta, taa, birika za umeme za jikoni, na majokofu. Inatosha, lakini viyoyozi vyote sita vikiwaka kwa sekunde ileile umeme unaporudi, mshtuko wa kuwaka ni mkubwa kuliko ulaji wa kawaida, na jenereta inazima. Mtu wa mitambo aviwashe kimoja kimoja. Jaribuni jenereta siku moja kabla, kwa saa nzima, kila kitu kikiwa kimewashwa. Kuiwasha dakika tano bila mzigo na kusema "inafanya kazi" hakuthibitishi kitu. Kompyuta ya watoa mada, mashine ya sauti na kisambaza intaneti viunganishwe kwenye betri ya akiba, kwa sababu kati ya umeme kukatika na jenereta kushika kuna sekunde za giza, na kompyuta ikizima unapoteza dakika kumi kumwashia mtoa mada mafaili yake.

Intaneti: watu 100 wana vifaa kama 150. Weka kasi ya megabiti 30 hadi 50 kwa sekunde (Mbps) kwa wote, na laini ya pekee ya waya kwa meza ya mitambo. Mtoa mada anayezungumza kutoka nje kwa video asitumie Wi-Fi ya wageni. Na mwombe atume video ya mada yake iliyorekodiwa, ili laini ikianguka mnaendelea.

Kwa mkutano wa nchi nne mtahitaji Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Wengi wa Congo ya mashariki wanaelewa Kiswahili vizuri, lakini kuelewa sokoni na kufuata mada ya kisheria ni mambo mawili. Uliza kwenye fomu ya usajili kila mtu anataka kusikiliza kwa lugha gani, usikisie kwa uraia. Wakalimani huwa wawili kwa kila kibanda na hupokezana kila dakika 20 hadi 30; anayewaletea mmoja "kwa kubana bajeti" atamsikia akianza kuruka sentensi kabla ya chai. Kibanda cha watu wawili kina mita 1.6 kwa 1.6 na kimo cha mita 2; kipange nyuma ya ukumbi, mahali wanapoona mdomo wa msemaji na skrini. Mada zote ziwafikie siku tatu kabla. Vifaa vya masikioni viwe idadi ya wanaovihitaji na asilimia 10 juu, na kila kimoja kitolewe kwa saini, kirudishwe kwa saini jioni. Kimoja kikipotea kinalipwa kwa bei inayoumiza.

Mgeni rasmi. Tunamheshimu, na ratiba ilindwe kwa heshima hiyohiyo. Mgeni rasmi akichelewa saa moja na hakuna kilichopangwa, watu 120 wamekaa kimya kwa saa moja. Panga mada ya kwanza ya kitaalamu ianze saa 3:00, yeye aingie saa 4:00, chai ifuate hotuba yake. Akiwahi, anasikiliza. Akichelewa, kazi inaendelea. Utambulisho ufanywe na mtu mmoja, kwa dakika tano, akiwa na orodha iliyohakikiwa asubuhi ileile na ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Mshereheshaji naye aelezwe kwamba hii si harusi. Kazi yake ni kulinda saa na kutamka majina ya watu sawasawa.

Sasa chakula, na hapa Kigoma ina jambo lake. Kila mgeni anataka samaki wa ziwa letu, mgebuka, kuhe na dagaa wa Kigoma, na kila mratibu anaviandika kwenye menyu bila kutazama kalenda. Wavuvi wetu wa dagaa na mgebuka huvua kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye taa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Hafla yako ikiangukia mbalamwezi, samaki mabichi ni wachache na bei ni ya juu. Na kuna kubwa zaidi: mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hiyo ni miezi ya kiangazi, ndiyo miezi ya makongamano. Kabla ya kuahidi mgebuka wa mwezi wa saba, uliza ofisi ya uvuvi kama kuna kufungwa mwaka huo. Uvuvi ukiwa umefungwa, andika kuku, maharage, mboga za mawese, na dagaa wakavu walionunuliwa mapema kwa njia halali. Mgeni ataelewa ukimweleza sababu. Hataelewa ukimwekea samaki wa kopo kwenye sahani iliyoandikwa mgebuka.

Vipimo: mchele mkavu gramu 120 kwa mtu palipo na ugali pembeni, yaani kilo 14 na nusu kwa watu 120, weka 16. Chai ya asubuhi vikombe 180 vya mililita 200, lita 36. Maji lita moja na nusu kwa mtu kwa siku, na katika joto la mwezi wa tisa weka mbili. Nyama ichinjwe kihalali kwa wote, isiwe sahani ya pembeni, na sufuria ya wasiokula nyama isichanganywe kijiko.

Foleni ndiyo inayokula ratiba kuliko maneno ya wasemaji. Upande mmoja wa meza ya chakula hupitisha watu watatu hadi wanne kwa dakika. Meza moja inayochukuliwa upande mmoja, watu 120, ni dakika 30 hadi 40 kabla wa mwisho hajapata kijiko. Meza mbili zinazochukuliwa pande zote mbili ni njia nne, na watu walewale wanamalizika kwa dakika kumi hivi. Vyakula ni vilevile, wahudumu ni walewale; mmesogeza meza mbali na ukuta tu. Nashangaa kila ninapoona meza imesukumwa ukutani.

Nije kwenye Gombe, maana hapo ndipo tunapouza mkutano na hapo ndipo tunapouharibu. Hifadhi iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, hakuna barabara ya kuingia, ni boti tu. Jane Goodall alianza utafiti wake wa sokwe pale Julai 1960, na eneo likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Kila mshiriki wa kongamano anataka kwenda. Na tangazo linasema "washiriki wote watatembelea sokwe siku ya mwisho."

Hesabu. Kundi la kuwatazama sokwe lina wageni wasiozidi sita, kwa muda wa saa moja tangu kuwaona, kwa umbali wa mita 10, na watoto walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi. Ukipewa makundi manne kwa siku, na si kila siku utapewa, ni watu 24. Wako wapi wale 96? Wapo ufukweni wamekasirika. Andika kwenye tangazo: "Nafasi 24, kwa usajili wa awali." Kwa wengine tengeneza safari zenye uzito wake: Ujiji, ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na makumbusho yake, kituo cha reli cha Mjerumani hapa mjini, mialo ya wavuvi asubuhi wanapoanika dagaa, safari fupi ya jioni ziwani. Mtu aliyechagua Ujiji kwa hiari yake anarudi ameridhika. Aliyeachwa na boti ya Gombe akapelekwa Ujiji kama fidia, haridhiki.

Jambo la pili la Gombe ni afya, na naomba mlisikilize kwa makini kwa sababu ni uhai wa sokwe na ni uhai wa biashara yetu. Mafua ya binadamu yanawaua sokwe. Ndiyo maana kuna umbali, barakoa, na sheria kwamba anayekohoa hapandi mlima. Sasa fikirini: tumewafungia watu 120 kutoka nchi nne katika ukumbi wenye kiyoyozi kwa siku tatu, wanabadilishana pumzi na kupeana mikono, halafu siku ya nne, mafua yakiwa yamesambaa, tunawapeleka kwa sokwe. Mpangilio huo umepinduka. Ziara ya Gombe iwekwe siku moja kabla ya ufunguzi, kwa wale wa kundi A waliofika mapema. Inampa mtu sababu ya kuwahi, inapunguza msongamano wa ndege, na inawafikisha kwa sokwe kabla ukumbi haujawachanganya. Mwongozaji amkague kila mtu asubuhi pale mwaloni, na mwenye mafua arudishiwe fedha yake au abadilishiwe safari, bila mjadala. Kama hakuna namna ya kumrudishia, atakuficha kikohozi.

Viingilio vinatofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni wa nje, na Burundi na Congo zote zimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu 2007 na Congo tangu 2022. Kusanya uraia wa kila mmoja kabla ya kutoa bei, na lipa kwa namba ya malipo ya serikali siku kadhaa kabla.

Wenye boti. Cheti cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kiwe hai na nakala yake iwe mkononi mwa mratibu. Koti la kuokolea kwa kila abiria, limevaliwa na kufungwa kabla ya kamba kufunguliwa, siyo limerundikwa chini ya kiti. Orodha ya majina iwe nakala mbili: moja kwenye boti, moja inabaki mwaloni Kibirizi kwa mtu mwenye simu inayopatikana. Mafuta theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Boti mbili ziandamane, na yenye kasi isimwache mwenzake. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu na mawimbi hukua mchana, nanyi mkirudi kutoka Gombe mnaukabili usoni. Kuondoka saa 1:15 asubuhi, kuwa njiani kurudi kabla ya saa 7 mchana. Nahodha ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu hali ya ziwa, na mratibu asimpigie simu kumshinikiza eti mgeni rasmi anasubiri.

Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, msiiuze kama safari ya siku moja. Iko mbali kusini, nayo ina utaratibu uleule wa makundi ya watu sita na barakoa. Iuzeni kama safari ya siku tatu au nne baada ya mkutano, kwa watu kumi au kumi na wawili waliolipia mapema, na wapumzike mjini siku moja au mbili kwanza ili mafua ya ukumbini yajitokeze kabla hawajapanda boti.

Hafla za ufukweni: mnakumbuka mwaka 2021 maji yalivyopanda yakameza fukwe na majengo ya pembeni. Usichore ramani ya mahema kwa picha ya mwaka juzi. Nenda upime siku kumi kabla, na funga mahema kwa vigingi au mifuko ya mchanga, kwa sababu upepo wa jioni ziwani hauombi ruhusa. Wapulizie mbu dawa muda wa saa mbili kabla wageni hawajafika. Gari moja likae tayari kwenda hospitali ya Maweni usiku kucha, dereva akiwa hajanywa.

Nimalizie na fedha. Profoma iseme wazi kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo. Tuseme unauza kifurushi cha 45,000 kwa mtu kwa siku bila VAT: watu 120, siku tatu, ni 16,200,000. VAT ni 2,916,000, jumla 19,116,000. Mlipaji anayetakiwa kisheria kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye huduma atakata 810,000 na kukupa cheti chake, nawe utapokea 18,306,000. Asiyejua hili hudhani ameibiwa, au anaanza kupunguza nyama siku ya tatu ili kufidia. Daini cheti, kitakusaidia kwenye hesabu zako za Mamlaka ya Mapato (TRA). Risiti ya mashine ya EFD itoke siku ya malipo.

Idadi ya uhakika ifungwe saa 72 kabla. Mteja analipia idadi hiyo au waliokula, ile iliyo kubwa zaidi. Mpishi anapika asilimia 5 juu yake. Karatasi ya mahudhurio isainiwe asubuhi na mchana, na mpishi ahesabu sahani zilizotumika kila mlo, kisha mratibu na mpishi wasaini hesabu hiyo jioni ileile. Mabishano ya "walikula 108, wewe unasema 120" hutokea wiki mbili baadaye, wakati hakuna anayekumbuka.

Posho za washiriki zilipwe kwa simu, na majina yakusanywe siku ya kwanza kama yalivyosajiliwa kwenye laini, kwa sababu majina ya kwenye beji mara nyingi si yale ya kwenye laini. Ukitangaza kwamba posho inalipwa siku ya tatu saa 6:00 mchana kwenye meza iliyo nje ya ukumbi, mada ya saa 5:00 itasikilizwa na viti.

Na ninyi waratibu mnaotoka nje kuja kufanya kazi hapa: kijana wa spika, mama wa maandazi, mwenye mtumbwi aliyevusha mabango, walipwe ndani ya siku saba. Hoteli kubwa inaweza kusubiri malipo ya mwezi. Mama aliyekopa unga dukani Mwanga kwa ajili ya chai yako hawezi, na mwakani ukirudi hatapokea simu.

Asanteni. Tuna nusu saa ya maswali. Wenye boti waanze.